Baiskeli ya Babu

Jamani, hii bado ni baiskeli ya babu? Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, imebaki fremu na pedeli moja. Rimu za Kihindi, mnyororo wa Kichina, siti fundi kaishona upya. Mimi nasema ni yake, itundikwe ukutani, ipakwe mafuta isishike kutu. Binamu yangu anacheka: "We wa mjini bwana, unataka pambo. Mimi nataka kupeleka maziwa."

Kweli, babu hakuinunua aitazame. Aliibebesha mahindi, bibi alipougua alimpakia kwenye karia. Basi tunahifadhi chuma, au kazi ya chuma? Lakini kila safari inaimega. Juzi ile pedeli ilikatika. Nimeiokota, iko hapa mezani ninapoandikia. Baiskeli imekwenda na maziwa.