Deni la Dereva Mlevi

Natumfikirie hamali wa Mlandege. Jua limekwisha kuchwa, maduka yanafungwa, naye anasukuma gari lake kuelekea Darajani na mzigo wa mwisho wa siku. Motokaa yaja kwa nyuma, dereva wake amelewa, na kufumba na kufumbua hamali yu chini, mguu umevunjika mahali pawili. Mtu huyu hana mali ila miguu na mabega. Mguu wake ndio duka lake. Anadai nini, na anamdai nani?

Kabla wakili hajafika, hufika wazee. Huja na nyuso za huruma na maneno yaliyozoeleka: ni ajali, ni kudra ya Mungu, msamehe kijana. Neno ajali lina hila yake. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina maana ya muda uliokadiriwa, hasa ule wa kufa. Sisi tumelitwaa likawa jina la kila motokaa inayopinduka na kila mtu anayegongwa. Kwa hiyo mara litamkwapo, nusu ya shitaka imekwisha kufutwa, maana aliyekadiria si dereva. Sikatai kadari. Lakini aaminiye kwamba yote yamekadiriwa hana budi kuamini pia kwamba dai la hamali limekadiriwa, na hilo sijapata kulisikia likisemwa na wazee wa suluhu.

Ulevi hauingii katika neno hilo. Aristotle aliandika kwamba wako watungaji sheria waliomwongezea mlevi adhabu maradufu, kwa kuwa chanzo cha kosa kimo ndani yake mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kutolewa. Alimtaja Pittacus, mtawala wa Mytilene, kuwa mwenye sheria ya namna hiyo. Dereva wetu alipoishika motokaa hakuwa na akili timamu. Walakini alipoinua gilasi ya kwanza alikuwa nayo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Katika jinai, basi, ulevi huhesabiwa. Katika fidia mambo ni mengine. Desturi ya Kiingereza, iliyoenea Afrika ya Mashariki, hupima hasara ya aliyeumia: dawa, mapato yaliyopotea, maumivu. Haipimi uovu wa aliyeumiza. Mwaka 1964, katika shauri la Rookes na Barnard, majaji wakuu wa Uingereza waliifunga fidia ya kuadhibu ndani ya mipaka myembamba, na mlevi barabarani hamo. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliwafuata mwaka 1971 katika shauri lililotoka Kisumu. Kule Marekani, Mahakama Kuu ya California ilishika njia nyingine mwaka 1979, ikakubali kwamba dereva mlevi aweza kutozwa zaidi ya hasara aliyoitia, ili aadhibiwe.

Nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa California, mpaka nilipomfikiria hamali wa pili. Huyu naye amevunjika mguu uleule, njia ileile, ila aliyemgonga alikuwa mzima wa akili na mzembe tu. Kodi ya chumba chake si ndogo kuliko ya mwenzake, wala watoto wake hawali kidogo. Kwa haki gani apate pungufu? Uovu wa dereva haukuurefusha uchungu wa mfupa. Fedha ile ya ziada, kama ipo, ni adhabu iliyopotea njia ikaingia mfukoni mwa mtu.

Tena, aghalabu mlipaji ni bima. Wako wanaonung'unika kwamba bima humnunulia mlevi ruhusa: yeye hunywa, Shirika hulipa. Kabla ya kulaani, tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu. Zamani sana kabla ya Shirika la Bima la Zanzibar kuanzishwa mwaka 1969, fikihi ilikwisha kuamua kwamba diya ya aliyeuawa kwa kukosea huchukuliwa na jamaa za muuaji, hao waitwao akila, ili haki ya wafiwa isizame katika umaskini wa mtu mmoja. Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar leo husikiliza ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na diya haimo; hata hivyo fikra ile yatufaa. Maana pamoja na diya iliwekwa kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Diya yaweza kulipwa na mia. Saumu ya kafara jamaa hawamfungii aliye hai, hata wakimpenda namna gani.

Hilo lilisemwa juu ya kuua, na hamali wetu yu hai. Lakini nadhani mgawanyo uleule wamhusu. Fedha na ije kutoka popote, na ije kamili, bila kumwuliza kama mgongaji alinusa pombe au asali. Lakini hamali anadai na kitu cha pili, ambacho Shirika halina sanduku lake: kwamba mtu yule aje kwa miguu yake mwenyewe, bila wazee, aseme mbele yake, "Nilikuwa nimelewa." Atakayetamka hivyo pengine atajipeleka jela, na familia yake itaona haya mtaani, ndiyo sababu ujumbe wa suluhu huja na bahasha, na neno ajali, na kijana akabaki nyumbani.

Hamali aweza kuipokea bahasha, ana watoto. Akiulizwa kama amesamehe, ana haki ya kuuliza yuko wapi wa kusamehewa.