Maji Kabla ya Samaki

Mtu afugaye ng'ombe hutangulia kujenga zizi, na afugaye njiwa hutangulia kutengeneza tundu. Walakini anunuaye tangi la kioo aghalabu hulijaza maji asubuhi na kutia samaki jioni, akidhani kwamba maji yakiwa maangavu basi nyumba imekwisha kuwa tayari. Baada ya siku chache samaki huja juu wakihema, kisha hufa mmoja mmoja.

Sababu ya vifo hivyo si siri. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na mabaki ya chakula yaozayo huizidisha. Amonia ni sumu. Mtoni huchukuliwa na maji mengi. Tangini haina pa kwenda, ila wawepo bakteria wa kuigeuza. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Viumbe hawa hukaa juu ya changarawe na katika sifongo ya chujio, na huzaana polepole: tangi jipya huhitaji kadiri ya majuma 4 hadi 6. Isitoshe, maji ya bomba aghalabu huwa na klorini, ambayo huchoma matamvua na kuua bakteria wale wale, kwa hiyo hapana budi iondolewe kwanza.

Waanzilishi hawakuyajua hayo. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mimea na konokono katika chombo kimoja, wakakaa salama. Aliisifu mimea na konokono. Bakteria hawakuwa na msemaji. Ajabu ni kwamba mwanawe, mwenye jina lilo hilo, ndiye aliyekuja kuchunguza huko Rothamsted jinsi amonia igeukavyo udongoni kwa hatua mbili, na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akawatenga bakteria wenyewe.

Sasa, bakteria hawa hawazaani bila chakula, na chakula chao cha kwanza ni amonia. Hapa ndipo lilipo swali la maadili. Wako wafugaji watiao kwanza samaki mmoja au wawili wa bei ndogo, ili uchafu wao uwalishe bakteria. Wakifa hutupwa; maji yakiwa mema, huletwa samaki wa thamani. Je, ni haki?

Mtetezi atasema kwamba samaki ni samaki, na kwamba mvuvi wa Lamu huwaua kila siku pasipo kulaumiwa. Hoja hii ina uzito, lakini haifiki mbali. Mvuvi huua ili watoto wake wale. Samaki wa tangini huogeshwa sumu kwa majuma, kwa ajili ya pambo la sebuleni. Tena mwaka 2003 watafiti wa Uskoti waliwadunga trauti midomoni kwa sumu ya nyuki au asidi ya siki, nao wakakawia kurudia chakula, na baadhi yao wakaisugua midomo katika changarawe. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maana ya jambo hilo. Lakini aliye na shaka kama mwenziwe anaumia, hawezi kuifanya shaka ile kuwa ruhusa ya kumuumiza.

Kubwa zaidi ni hili: samaki wa mtoni akikuta maji mabaya aweza kuyakimbia. Wa tangini hana mlango, nasi ndio tuliouziba. Maji yake, chakula chake, joto lake na nuru yake vyote vimo mikononi mwetu, kwa hiyo hatuna wa kushirikiana naye lawama.

Wala haja yenyewe haipo. Matone machache ya amonia isiyo na sabuni wala manukato huwalisha bakteria vilevile, na kipande cha sifongo kutoka tangi la rafiki, lenye afya, hupunguza sana siku za kungoja. Kutazama maji matupu mwezi mzima huchosha, hasa kwa kijana, nakubali. Lakini hiyo ndiyo bei yote tunayoikwepa tunapomlipisha samaki.

Kipimo kikionyesha kwamba amonia na nitriti zimekwisha, ndipo samaki waletwe, nao wachache kwanza, kwa maana wingi wa bakteria hufuata wingi wa chakula chao, na kundi kubwa likiingia siku moja hurudisha sumu ile ile.