Hisa za Marehemu Zina Wenyewe

Mwanangu, hisa za marehemu babaako si zako. Nalisema hili mwanzo, kabla hujamaliza kunieleza, kwa sababu naona umeshazipigia hesabu, na hesabu yenyewe umeipiga peke yako. Karatasi umeikuta kwenye kasha, imeandikwa CRDB, na tangu hapo usingizi huna. Mimi ami yako usingizi nimeukosa kwa mengine. Kaa basi nikwambie ninayoyajua, halafu utafanya utakavyo. Nyinyi vijana siku hizi mnatusikiliza kwa adabu tu.

Karatasi hiyo isikushangaze. Benki ya CRDB ilipobinafsishwa mwaka 1996, hisa zake zilichukuliwa na watu wengi wa kawaida na vyama vya ushirika. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikawa TOL, ile ya gesi. Kampuni ya Bia ikafuata mwaka huohuo, Kampuni ya Sigara mwaka 2000. NMB ikauzwa mwaka 2008 kwa shilingi 600 hisa moja, CRDB ikaingia sokoni 2009 kwa shilingi 150. Miaka yote hiyo babaako alikuwa Dar, bandarini. Wenzake kazini wanajaza fomu, naye anajaza. Akija huku Jambiani kwa sikukuu atamwambia nani barazani kwamba amenunua hisa? Urithi tuliouzoea huku ni minazi: hata mtoto anajua huu wa nani na ule wa nani, na mwizi akipanda ataonekana. Hisa haina kivuli. Aliyeinunua akinyamaza, imenyamaza naye.

Akanyamaza kweli. Ila usimlaumu sana, maana hata kampuni ilimtafuta isimpate. Anwani aliyoandika ilikuwa sanduku la posta la kazini. Alipostaafu akarudi kijijini, barua zikaendelea kwenda kulekule, na huku kwetu nani ana sanduku lake? Hundi za gawio zilikuwa zikitumwa kwa posta, zikikaa bila kupelekwa benki zinapitwa na muda, na pesa inabaki kwa kampuni kama deni. Mwaka 2015 CRDB iliwapa wanahisa wake nafasi ya kununua hisa zaidi kwa shilingi 350. Asiyepata barua hakununua. Mengi yamempita kwa njia hiyo, na hakuna wa kushtakiwa.

Kwa hiyo usianze mjini. Anza chumbani mwake, ukiwa na bi mdogo, mjane wake, si ukivizia ametoka kwenda pwani kwenye mwani wake. Ile karatasi moja haitoshi. Tafuta stakabadhi za benki, taarifa za mkutano mkuu wa wanahisa (vile vitabu vyenye picha za wakurugenzi ambavyo watoto huvifanya vya kuchorea), hundi kuukuu, kitabu cha benki chenye mstari ulioandikwa gawio. Tazama pia karatasi za UTT, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wao wa Umoja ulianza mwaka 2005, kipande kikiuzwa shilingi 70, na wafanyakazi wengi waliweka humo. Kipande si hisa, daftari lake liko kwingine, na asiyejua hilo ataulizia soko la hisa, aambiwe hakuna kitu, arudi nyumbani akiamini hakuna. Na majina ya kampuni hubadilika. DAHACO ya uwanja wa ndege leo inaitwa Swissport.

Sasa jina la marehemu mwenyewe. Hapa ndipo nitakapokuchosha, maana hapa ndipo watu hukwama. Sisi hatuna jina la ukoo la kuandika mwisho. Mtu ana lake, la babaake na la babu yake, basi. Akina Haji Makame wamejaa kisiwa kizima. Tena Dar karani alimwandika alivyomsikia: huku Khamis, kule Hamisi, na jina la babu limeachwa. Cheti cha kifo kikisema hivi na daftari la wanahisa likisema vile, hutopewa kitu mpaka ule kiapo kwa maandishi kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Kusanya kila kitambulisho alichowahi kukitumia, hata cha kazini kilichokwisha muda.

Ukishakusanya hayo, kuna pa kuulizia. Kenya walitunga sheria mwaka 2011, wakaunda chombo kiitwacho UFAA kinachopokea mali za fedha zilizokaa bila mwenyewe, na mrithi anaweza kwenda hapo kuulizia. Wewe hauko Kenya, njia yako ni kampuni yenyewe, msajili wake wa hisa, na CSDR, ile inayohifadhi kumbukumbu za hisa zilizo sokoni. Dalali yeyote mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana atakuonyesha pa kuanzia. Hati ya karatasi itahakikiwa kwanza, iingizwe kwenye mfumo, ndipo iweze kuhamishwa au kuuzwa.

Lakini wote hao watakuuliza swali moja, nalo ndilo ninalokupigia kelele tangu tumekaa: wewe nani? Ukijibu kuwa ni mwanawe, watakwambia wanawe wako wangapi. Ndiyo maana njia inapita kwanza kwa Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, warithi waandikwe, msimamizi ateuliwe. Na kwa kuwa kampuni ziko ng'ambo ya pili, bara, uliza mapema kama hati ya huku itakubaliwa kule jinsi ilivyo, usije ukasafiri mara mbili.

Chukua mfano. Tuseme zimeonekana hisa 1,000. Kabla ya yote kuna madeni ya marehemu, na usijifanye umesahau lile la dukani. Likilipwa, na wasia wake kama upo ukatekelezwa bila kuvuka theluthi, zinazobaki ndizo za kugawa. Ikiwa zimebaki zote elfu, bi mdogo ana thumuni yake, 125. Zilizosalia ni 875: dadaako 175, wewe 350, mdogo wako wa kiume 350. Hakuna mwenye zote. Tena si lazima ziuzwe, kila mmoja anaweza kuandikiwa zake kwa jina lake.

Najua kinachokuchoma. Bi mdogo hakukuzaa. Mwanangu, thumuni haiulizi nani kamzaa nani, inauliza nani alikuwa mke wake siku alipokufa. Huyu mwanamke amefukia makumbi kwenye mchanga wa pwani hii na kusokota usumba, nyumba ikala, huku mshahara wa mumewe ukienda kununua karatasi asizozijua. Ukimficha, utakuwa umemla mjane, na hilo mimi sitoshiriki.

Na hesabu yako ipunguze. CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2023. Kwa hisa 1,000 ni shilingi 50,000, kodi ikakata asilimia 5, zikabaki 47,500. Malimbikizo ya miaka yatakuwepo, sikatai, na bei ya hisa imepanda kuliko ile 150. Ni kheri, wala si ya kudharau. Ila haijengi nyumba ya wageni ufukweni, kama nilivyosikia umeshawaahidi wenzako.

Ikitokea amenunua na za Kampuni ya Bia, usizifiche kwa aibu wala usizile kimyakimya. Walionunua 1998 wengine hawakuuliza, walikuwa wanafuata mkumbo. Nenda kwa shekhe, mwulize utokaje humo. Hata za benki kuna wanaozitilia shaka kwa ajili ya riba, nawe wasikilize. Mimi nina maoni yangu, lakini mimi si mwanachuoni na hili si la kuamuliwa chini ya mwembe.

Kuna na hao wanaopiga simu. Ukishaanza kuulizauliza, habari hutembea, atatokea bwana mwenye sauti nzuri akwambie amezipata hisa za babaako zenye mamilioni, tuma ada ya kufungulia faili na picha ya kitambulisho. Usitume. Kampuni haikupigii usiku, na dalali wa kweli ana ofisi na leseni unayoweza kuiuliza kwa mamlaka iliyompa.

Dadaako yuko Muscat, na nakuona hukuwa na nia ya kumwambia mpaka mambo yaishe. Mpigie leo. Mwulize jina lake lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na akuandikie barua kuwa anajua mnachokitafuta. Mdogo wako nitasema naye mimi baada ya Alasiri. Kisha ile karatasi irudishe kwenye kasha ulipoitoa, na ufunguo mpe bi mdogo.