Jipu Halitumwi na Mtu

Wanangu, haya nimekwisha kuyasema, lakini kwa kuwa bado naona majipu yakikamuliwa kwa kucha pale stendi ya bodaboda, nayarudia. Jipu halitumwi na jirani. Hakuna aliyekuloga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mara nyingi anayelileta ni bakteria aitwaye stafilokokasi. Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Uskoti, alimwona kwenye usaha tangu 1880, amejikusanya vishada vishada kama zabibu. Takriban watu watatu kati ya kumi wanaye puani na hawaumwi kitu. Ngozi ikiwa nzima, kwa kawaida hana pa kupita. Njia tunamfungulia wenyewe: mtu anachokoa pua, kisha anajikuna kipele, kijana ananyolewa hapa Kampala, mtaa wa Kisenyi, kwa mashine iliyotoka kichwani mwa mwenzake bila kupanguswa kwa spiriti, chumba kizima mnapokezana taulo moja.

Sasa jipu limetoka. Msilikamue, mtamsukuma bakteria ndani. Akiingia kwenye damu hufika hata moyoni na mifupani. Likandeni kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu, lifunikeni, mnawe kwa sabuni. Likizidi, mhudumu wa afya alipasue. Mara nyingi usaha kutoka ndiyo dawa yenyewe.

Na huu mchezo wa kufungua kapsuli na kunyunyizia unga wake kidondani, uacheni. Uacheni pia ule wa kununua vidonge vinne tu kwa sababu hela imeishia hapo. Ndivyo tunavyomzoesha bakteria dawa. Penisilini ilipoenea miaka ya 1940 ilimshinda, naye hakukawia kuizoea. Ikaletwa dawa nyingine, methisilini, na kufikia 1961 Uingereza ilikwisha kumwona anayehimili hata hiyo. Watafiti wamemkuta wa namna hiyo hapa hapa Kampala, hospitali ya Mulago, kwenye vidonda vya waliopasuliwa.

Jambo moja msilichezee: paja au kalio limevimba, linauma, homa iko juu, na ngozi haina hata mkwaruzo. Usaha huweza kujikusanya ndani ya msuli wenyewe, na madaktari wa Uganda wanaujua ugonjwa huo tangu zamani. Nyinyi mnasema ni malaria, au kateguka, mnampeleka mgonjwa kwa mkandaji. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Hali kadhalika mtoto mchanga au mwenye kisukari aliyetokwa na jipu, na yeyote mwenye jipu usoni.

Nimechoka kusema, ila nitasema. Kila mtu na wembe wake, kila mtu na taulo lake, na sabuni inunuliwe kabla ya kapsuli.