Je, Taa ya Kijani Yaondoa Dhima?

Bismillahi, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja katika wahudhuriaji wa darsa, naye ni dereva wa trela. Twaliandika hapa kwa idhini yake bila ya kumtaja jina, kwa kuwa lililomfika yeye laweza kumfika kila mwenye kushika usukani. Alikuwa amesimama kwenye njia panda yenye taa, akingoja taa nyekundu iondoke, naye akikusudia kupinda kushoto. Taa ilipogeuka kijani aliondoka polepole. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, alikuwako kijana mwenye baiskeli aliyebeba mikate ya kuuza, naye akienda moja kwa moja. Magurudumu ya nyuma ya trela yalimpitia, akafa papo hapo. Polisi wakapima barabara, wakawauliza mashahidi, wakasema kwamba dereva alikuwa na haki ya kupita, na kesi haikufunguliwa. Jamaa zake wakamwambia: Hiyo ni kadari, siku za kijana zilikuwa zimekwisha, wewe kalale. Lakini yeye halali. Atuuliza: Je, juu yangu kuna kitu mbele ya Mwenyezi Mungu?

Twamshukuru kwa kuuliza, maana wengi hutosheka na neno la polisi na mambo yakaishia hapo.

Na tuanze na hiyo kadari, kwa sababu imekuwa ni mto ambao watu wetu huulalia. Hatuna shaka kwamba ajali ya kila kiumbe imeandikwa, haitangulii wala haichelewi. Lakini tumeamrishwa kuiamini kadari. Hatukuamrishwa kuifanya wakili wa kututetea. Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni iliyoingia huko, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamlaumu kwa kuikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia, mbele yake pana bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapowalisha ni kwa kadari, na juu ya hivyo mchungaji ana akili ya kuchagua. Basi dereva naye ana macho ya kutazama na mguu wa kukanyaga breki. Akiwa hakuvitumia, asiseme kuwa kadari ndiyo iliyoshika usukani.

Sasa tuitazame hiyo taa. Taa ya kwanza ya kuongoza barabara tunayoijua iliwekwa London mwaka 1868, karibu na jumba la Bunge, nayo ikiwaka kwa gesi. Motokaa zilikuwa bado hazijatokea. Waliokusudiwa kulindwa ni waendao kwa miguu, wasikanyagwe na magari ya farasi. Asili ya taa, basi, ni kumlinda dhaifu katika njia. Leo mtu akiiona ya kijani hudhani kwamba amepewa hati ya kuimiliki njia panda yote, na kila aliyemo humo ni mnyang'anyi wa haki yake. Fahamu hii ni mbovu. Mafakihi wetu wa zamani, kabla ya kuwako injini hata moja, walikwisha kusema kwamba kupita katika njia ya watu ni mubaha kwa sharti ya salama, katika yale ambayo mtu aweza kujihadhari nayo. Mwenye ngamia aliulizwa juu ya alichokikanyaga ngamia wake, na mwenye kuni juu ya nguo ya mpita njia iliyochanwa na mzigo wake. Taa ya kijani hukupa ule umubaha. Ile sharti haikuigusa. Imebaki shingoni mwako kama ilivyokuwa.

Wako watakaosema kuwa twalifanya zito jambo jepesi. Nasi twawaomba wapige hesabu pamoja nasi. Mwenye baiskeli aendaye mwendo wa kilomita 15 kwa saa hukata kama mita 4 kwa kila sekunde. Njia panda yenye upana wa mita 30 humchukua zaidi ya sekunde 7. Taa ya manjano katika nchi ya Uingereza hudumu sekunde 3. Basi huyu aweza kuingia hali ya kuwa taa yake ni ya kijani, bila ya kosa lolote, na kabla hajafika upande wa pili wale wa barabara nyingine wakapata ya kijani yao. Hapo wote wawili wana ruhusa ya taa kwa wakati mmoja! Mwenye motokaa akiondoka kwa kuwa taa imemruhusu, akamgonga aliyeruhusiwa kabla yake, ataitumia vipi rangi ya taa kuwa ni hoja yake?

Na jambo la trela ni zito zaidi ya hilo. Sisi huku twaendesha upande wa kushoto, na dereva hukaa kulia, juu kabisa. Mtu aliye chini ya mlango wa kushoto haonekani kwa macho, na mara nyingi hata katika kioo haonekani. Tena trela ikipinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kwa ndani. Dereva mzoefu hulijua hili, ndiyo sababu huanza kwa kutoka kulia kidogo ndipo apinde kushoto. Mwenye baiskeli asiyejua huuona ule upenyo uliofunguka akadhani kwamba amepishwa, akaingia. Kisha upenyo ukamfunga. Mjini London, tangu tarehe 1 Machi 2021, lori la zaidi ya tani 12 haliruhusiwi kuingia ila liwe na kibali, na kibali hicho hutegemea ni kiasi gani dereva aweza kuwaona kwa macho yake walio ubavuni. Twalitaja hili kwa uchungu. Hadithi ya kuondosha udhia njiani, kwamba ni tawi katika matawi ya imani, twaihifadhi sisi tangu chuoni. Wanaoitumia katika vioo vya malori ni wengine.

Wala hatumwachi mwenye baiskeli. Wako vijana wetu wanaodhani kwamba taa nyekundu ni ya wenye injini tu, wakapita katikati ya magari kwa kuwa baiskeli yapata nafasi. Wako wapandao usiku bila ya taa wala nguo ya kuonekana, na nyuma wamemchukua mtoto. Nafsi ni amana, na mwenye kuiingiza katika maangamio ataulizwa kama aulizwavyo aliyeiua ya mwenziwe. Twawanasihi, khasa nyinyi wauza maziwa na mikate mnaoamkia barabarani alfajiri: msisimame kamwe ubavuni mwa trela kwenye taa. Simameni mbele yake mahali dereva akuoneni uso, au bakini nyuma yake mpaka aondoke. Na kama mwaona taa yasema hivi na mkono wa askari wasema vingine, kama ilivyozoeleka Nairobi katika Uhuru Highway, fuateni mkono wa askari, na juu ya hivyo tazameni kulia na kushoto.

Lakini mizani si sawa. Huyu akikosea huvunjika yeye, na yule akikosea huvunja wengine. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2023 lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka katika barabara za dunia, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Mwenye chuma kingi ana hadhari nyingi zaidi ya kufanya.

Tumrudie muulizaji wetu. Tulimuuliza: Ulitazama kioo cha kushoto? Akasema: Nilitazama niliposimama, wala sikutazama tena nilipoondoka. Tukamuuliza kwa nini. Akasema kwamba tajiri wake humlipa kwa safari, na kila taa inayomkosa ni pesa. Basi huyo tajiri naye tusimsahau, amelala nyumbani na hakuna polisi aliyemwuliza neno. Ajira iliyotungwa hivyo humfundisha dereva haraka, na sehemu yake katika jambo hili ni kubwa kuliko anavyodhani.

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Brunei cha mwezi wa Juni 1993, lilikata shauri kwamba kuzifuata kanuni za barabara zisizopingana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva ana dhima ya anachokiharibu, isipokuwa likimshinda jambo ambalo hawezi kulizuia, au kosa likawa ni la aliyeumia au la mtu mwingine. Wakikosa wote wawili, kila mmoja huchukua sehemu yake. Kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, kuacha kutazama mara ya pili ni upungufu, na kijana naye alikosea kujipenyeza. Diya, basi, hupungua kwa sehemu ya marehemu, na ni haki ya warithi wake. Waende wakapatane nao kwa kadhi, wala asingoje kushitakiwa. Ama kafara haigawanyiki. Ni juu yake nzima, na kwa kuwa hapana mtumwa wa kuacha huru leo, ni saumu ya miezi miwili mfululizo.

Ametuuliza pia: Nami ni msafiri, leo Mombasa, kesho Malaba, nitafungaje? Katika madhehebu yetu ya Shafii, akila siku moja, hata kwa udhuru wa safari, mfululizo umekatika naye ataanza upya. Akianza mwezi mwandamo, afunge miezi miwili kamili kwa mwandamo, hata ukiwa wa siku 29. Tena achague miezi isiyoingiliwa na Ramadhani wala Idi. Kufunga safarini kwajuzu, lakini dereva mwenye njaa na usingizi juu ya trela ni khatari nyingine kwa wenye baiskeli wengine. Twaona amwombe tajiri wake ruhusa ya miezi hiyo miwili, na tajiri ampe pamoja na mshahara wake.