Haki ya Mnyama Aliyefungwa

Watu wengi hudhani kuwa mtu akimfuga ndege katika tundu, akampa chakula na maji na akalisafisha tundu lake, basi amekwisha kutimiza yaliyompasa wala hana la kuulizwa. Dhana hii imeenea katika miji yetu ya pwani, na hata kwa wataalamu wa Ulaya na Marekani wenye kufuga wanyama wa uchunguzi ilikuwa ndiyo kanuni kwa muda mrefu. Sisi twaona kuwa ina upungufu, na twataka ndugu zetu wasomaji waizingatie pamoja nasi.

Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka ni mashuhuri. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na hapana mtoto wa chuoni asiyeisikia. Lakini wengi wetu huikumbuka nusu yake tu, wakasema kuwa alimfunga paka yule, hakumlisha wala hakumnywesha. Katika hadithi mna jambo la tatu, nalo ni kuwa hakumwacha akajilia vijidudu vya ardhi. Paka yule kabla ya kufungwa hakuwa na haja na mwanamke yule. Riziki yake ilikuwa mbele yake, na nguvu za kuitafuta alikuwa nazo. Aliyemfunga ndiye aliyeikata njia, na kwa kuikata akajitwika mwenyewe deni la yote ambayo paka alikuwa akiyapata kwa njia ile. Basi twasema kuwa chakula ni sehemu ya deni hilo, walakini silo lote.

Kwani mnyama alikuwa na nini kabla ya kufungwa? Panya alikuwa akichimba, akijenga kiota, akijificha. Kima alikuwa na jamaa zake, wakichambuana manyoya, na mchana kutwa akihangaikia chakula. Kasuku alikuwa akiruka pamoja na kundi lake na kutafuna miti. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na umma hauishi kwa kula tu.

Huenda msomaji akasema kuwa wanavyuoni wameruhusu kumfuga ndege. Ni kweli. Dalili yao ni hadithi ya Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kijindege chake, na Mtume akimuuliza kwa upole khabari za kijindege hicho. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, alitunga kitabu juu ya hadithi hiyo, akatoa humo mafunzo 60. Lakini ruhusa ya kufuga siyo ruhusa ya kufanya tupendavyo. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, naye pia ni Shafi, alizitaja haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Miongoni mwazo ni kuwa awalishe hata wakiwa wazee au wagonjwa wasio na manufaa tena, asiwatwishe wasiyoyaweza, asiwachanganye na wenye kuwadhuru, ayafanye mema malalo yao, na awakutanishe madume na majike wakati wao ufikapo. Tazama mbili za mwisho. Hazihusu chakula wala maji. Zahusu makao na ujamaa.

Hayo ndiyo wataalamu wa leo wanayoyaita kuyaboresha makao ya mnyama, nao wameyathibitisha kwa majaribio. Mwaka 1947 mtaalamu wa Kanada, Donald Hebb, alieleza kuwa panya waliolelewa nyumbani kwake wakitembea huru waliwashinda katika mitihani ya akili wenzao waliolelewa katika matundu ya maabara. Katika miaka ya 1960, Marian Diamond na wenziwe katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, waliona kuwa panya waliokaa na wenzao na kupewa vitu vya kuchezea ubongo wao ulikuwa na tabaka ya juu iliyo nene kuliko ya panya waliofungwa peke yao. Chakula kilikuwa hakipungui kwa hao wala kwa hawa. Basi upweke na kukosa shughuli ni madhara yanayoingia ndani ya mwili, ijapokuwa hayaachi jeraha la kuonekana.

Wako wasemao kuwa mambo hayo huharibu uchunguzi, kwa kuwa panya hawatakuwa sawa. Rai hii ilijaribiwa, na mwaka 2004 wataalamu wa Ulaya wakachapisha katika jarida la Nature kuwa matundu yaliyoboreshwa hayakuupunguza usahihi wa matokeo.

Na wako wengine, nao hoja yao ina nguvu zaidi, wasemao kuwa kulipamba tundu ni kuipamba jela, ili dhamiri ya mfungaji ipate kulala. Jawabu letu ni kuwa mambo yana mpango wake. Waingereza wawili, Russell na Burch, waliupanga vizuri mwaka 1959: kwanza itafutwe njia isiyotumia mnyama, isipopatikana, wanyama wapunguzwe idadi, kisha wale wasioepukika wapunguziwe maumivu na dhiki. Anayeyaboresha makao bila ya kuuliza swali la kwanza amekosea. Lakini anayengoja siku ambayo hapatakuwa na tundu hata moja, na huku akimwacha aliyefungwa leo katika dhiki, naye amedhulumu.

Sheria nazo zimesogea, ijapokuwa kwa mwendo wa kobe. Marekani mwaka 1985 iliamuru maabara ziangalie raha ya nafsi ya kima na jamii yake, na mazoezi ya mbwa; lakini panya waliozalishwa kwa uchunguzi, ambao ndio wengi kabisa, sheria hiyo haiwahusu. Umoja wa Ulaya uliwaingiza na wao katika amri yake ya mwaka 2010.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni mambo ya watu wa mbali. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyopitishwa mwaka 1955, ilitengenezwa kwa chembe za figo za kima, na kima wengi mno walichukuliwa Bara Hindi kwa kazi hiyo. Chanjo za polio zimewakinga watoto wetu kama zilivyowakinga wa wengine. Haifai kula tunda kisha tukasema mti si shauri letu.

Tena liko lililo mikononi mwetu wenyewe. Kasuku afungwaye peke yake huenda akajing'oa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu, na watu wakasema ana maradhi. Mara nyingi maradhi yake ni upweke na kukosa kazi. Mwenye naye, ikiwa amempata kwa njia ya halali, ampe mti wa kutafuna, amfichie chakula akitafute, amtoe tunduni kila siku, azungumze naye. Wala asidhani kuwa kumfungulia dirisha ni thawabu, kwani aliyezoea kulishwa atakufa njaa nje. Na asiyeyaweza haya asinunue ndege.

Basi kila mwenye mnyama aliyefungwa, akiisha kujiuliza mnyama wake amekula nini leo, na ajiulize pia amefanya nini leo. Akiona kuwa siku nzima mnyama hakuwa na la kufanya ila kutazama nondo za tundu, ajue kuwa deni lingaliko. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.