Nilimuumiza?

Hapa Gashonga, kwenye parokia ya Mibilizi, watu waliuawa mwaka 1994. Gacaca zilipokuja, aliyeharibu mali tu alitakiwa kulipa, hakufungwa. Bati na ng'ombe vinahesabika. Lakini sheria ya 2004 ilikataza habari za ubakaji zisisemwe hadharani. Aliyetendewa alimweleza mwamuzi kwa siri. Kumbe waliona kwamba hata kusema ukweli kunaweza kumtonesha mtu kidonda.

Mimi sikuona. Wageni wa mradi walipotutembelea, nilimwomba binti mmoja wa kikundi chetu aeleze safari yake ya kutoka Kongo. Akaeleza. Watu wakapiga makofi, mgeni mmoja akalia. Sikumpiga, sikumtukana, na mwenyewe alikubali. Ila hajarudi kikundini.

Ninyi mnaotusaidia mna fomu za kuandika madhara: kipigo, wizi, matusi. Hili niliandike wapi? Wenzangu wanasema, "Si alikubali, basi." Hapana. Mtu anayengoja jina lake litoke kwenye orodha ana nguvu gani ya kukataa?

Jana nilienda kwao kuomba msamaha. Mama yake akanipa kiti, akasema, "Amelala, mwanangu."

Ilikuwa saa nne asubuhi.